Mstari Mtupu Kabla ya Ndugu

Tulimzika Reuben nyumbani kwao Mayoni, katika shamba lililozungukwa na miwa pande tatu. Kabla ya ibada kuanza, mwanamke mmoja wa kamati ya mazishi alipita kwenye turubai akiwa na simu mkononi, akiandikisha waliotaka kusema neno. Alikuwa mpwa wa marehemu, amejifunga leso nyeusi kichwani, na alikuwa na haraka kwa sababu mvua ya alasiri huku kwetu haimsubiri mchungaji amalize. Alinikuta safu ya pili, nimeshika chai niliyopewa katika kikombe cha udongo chenye maua. "Jina nimeshapata, mama," alisema. "Sasa wewe ni nani wa marehemu?" Akaniinamishia simu nione. Palikuwa na kidirisha chenye mstari mmoja usio na jibu, umeandikwa tu Chagua. Alipougusa, orodha ilishuka: Mke, Mtoto, Ndugu, Jirani, Kanisa, Kazini. Kidole chake kilikuwa juu ya Kazini lakini hakukibonyeza. Alikuwa akinitazama mimi, anangoja. Niliiinamia ile simu, naye akadhani nalia. "Pole, mama, nitarudi," akasema, akaenda kwa wazee waliokaa mbele. Kumbe nilikuwa nautazama ule mstari wa juu. Siku hizi uko kila mahali na hakuna anayeuona. Sisemi kwamba Reuben ndiye aliyeuvumbua duniani. Bila shaka wako wengine waliouwaza kabla yake. Nasema tu kwamba katika mji wa Kakamega, mwaka wa 1995, mimi niliuona ukizaliwa, na ninajua ni kitu gani kilichouzaa.

Mwaka huo nilikuwa nimetoka chuo cha uhazili, na Reuben alikuwa ameacha kufundisha hesabu ili afungue ofisi ya kompyuta juu ya duka la mbegu na mbolea. Ilikuwa na vyumba viwili. Harufu ya dawa ya kuhifadhia mahindi ilipanda ngazi pamoja nasi asubuhi, ikakaa kwenye mapazia, kwenye karatasi, na nadhani hata kwenye chai. Chumba cha mbele kilikuwa changu. Nilipiga chapa barua za kuomba kazi, kadi za harusi, na maisha ya marehemu ya kusomwa makaburini. Cha nyuma kilikuwa cha Reuben na mashine yake yenye maandishi ya kijani. Alikuwa mtu mrefu, mwenye shati lililochomekwa vizuri upande mmoja tu, na alikula amesimama. Nilimletea nyoyo, yaani mahindi na maharagwe, akayala kwa kijiko huku macho yake yakiwa kwenye kioo, na mara nyingi nilikuta kijiko kimewekwa juu ya kibodi na chakula kimepoa kwenye bakuli. Sakafu ilikuwa ya mbao, kwa hiyo mazungumzo ya wateja wa dukani yalitufikia kama vile tumekaa nao. "Hii mbegu ya mwaka jana ilininyima," mtu angesema chini. Na Reuben, bila kugeuka, angejibu kwa sauti ndogo, "Hata hii yangu."

Kazi iliyomkosesha usingizi mwaka huo ilikuwa ya hospitali moja ndogo ya kanisa iliyokuwa nje ya mji. Sitaitaja jina, kwa maana wengi waliokuwa pale walikuwa watu wema. Walitaka wagonjwa wanaolazwa waandikwe kwenye kompyuta, na kila mmoja apewe karatasi yenye jina lake, wodi yake, na jina la mwenye mgonjwa, ambaye ndiye hospitali ingezungumza naye kuhusu jambo lolote. Programu ya kwanza ya Reuben iliuliza maswali na kuonyesha majibu yenye namba: moja ni hiki, mbili ni kile, andika namba yako. Ilikufa siku ya kwanza. Karani wa dirishani, Salome, mama wa makamo mwenye vidole vyepesi na ulimi mwepesi zaidi, alikuwa amejifunza kazi kwenye taipureta ya zamani ambayo haikuwa na kitufe cha moja. Kwenye mashine kama ile, moja iliandikwa kwa herufi ndogo ya l, na sufuri kwa herufi kubwa ya O. Alikuwa ameandika hivyo nusu ya maisha yake. Basi kila alipotaka jibu la kwanza alibonyeza l, na kompyuta ikamjibu kwamba chaguo hilo halipo. "Mashine yako ni kiziwi," alimwambia Reuben mbele ya foleni nzima. "Nimeambia hii kitu moja, moja, moja, inanikatalia kama mtoto mkaidi." Watu walicheka. Reuben pia alicheka, lakini jioni aliniambia kwamba hataki tena karani aandike kitu anachoweza kukionyesha kwa kidole.

Hapo ndipo alipoanza kujenga orodha za kuchagulia kwa mishale. Anayezoea simu za leo atashangaa kwamba lilikuwa jambo la kujengwa. Kompyuta ile ilijua kuandika herufi mahali ilipoambiwa iziandike, basi. Kila kilichofanana na orodha kilikuwa udanganyifu wa macho uliopangwa na mtu. Reuben alichora kisanduku kwa alama za mistari miwili, akaandika majibu ndani, moja chini ya jingine, kisha jibu moja akaligeuza rangi: herufi nyeusi juu ya utepe wa kijani. Ule utepe ndio uliokuwa mkono wa mtumiaji. Mtu akibonyeza mshale wa chini, programu ilipaswa kulirudisha jibu la kwanza katika rangi yake ya kawaida na kulipaka utepe la pili, upesi hata jicho lione utepe umeteleza. Mshale wenyewe haukuwa herufi. Alinieleza kwa furaha ya mtoto kwamba kibodi hutuma vitu viwili, sufuri kwanza, halafu herufi. H kwa juu na P kwa chini. Kwa hiyo programu ikipokea sufuri lazima itulie, ijue kwamba neno halijaisha. "Everline, kuja uone," angeita, nami ningeacha maisha ya marehemu fulani katikati ya sentensi. Siku ya kwanza utepe ulisahau kufuta nyayo zake, na majibu yote yakabaki yamepakwa rangi, kama kwamba yote yamechaguliwa. Siku nyingine ulipita jibu la mwisho ukatoka nje ya kisanduku, ukawa unateremka kwenye giza la kioo. Hatimaye akaufundisha kwamba ukifika chini urudi juu. Tulisimama hapo tukiuzungusha tu, sisi wawili, mpaka ngurumo ya alasiri ikaja, stima ikapotea na kila kitu kikazimika.

Salome alipoiona alifurahi, ingawa alificha. "Inaitwa menyu," Reuben alimwambia. "Menyu ni ya hoteli," Salome akajibu. "Kwani kuna chapati?" Lakini vidole vyake vilikuwa vimeshaizoea. Baada ya muda mfupi alikuwa anapiga mishale na Enta kama mtu anayepepeta mtama, na foleni ilikuwa fupi kuliko watu walivyowahi kuiona. Alijivunia hilo, na kwa haki.

Majibu ya kuweka katika orodha hayakushuka kutoka mbinguni. Reuben alinituma mimi nikae karibu na dirisha la Salome, niandike watu wanasema nini wanapoulizwa. Naamini ndipo nilipojifunza kazi niliyokuja kuifanya baadaye, ya kuandika habari. Nilipewa kigoda pembeni ya kabati, na kwa kuwa sikuwa na sare wala cheo, watu walinisahau. Niligundua upesi jambo ambalo kila mtu wa huku analijua bila kulisema. Mgonjwa hafikishwi na mtu mmoja. Anafikishwa na ukoo na majirani, na anayesimama dirishani ni mwanamume mkubwa kati yao, au yule mwenye koti, au anayesema Kiswahili bila kusita. Huyo ndiye anayetaja jina lake. Mwenye mgonjwa hasa yuko nje, ameketi kwenye nyasi, na kikapu chenye chupa ya uji na leso ya kubadilisha. Hakuna anayemwita, na yeye hainuki, kwa sababu si adabu mwanamke kumpita shemeji yake mbele ya dirisha la watu. Wauguzi wa wodini waliyajua hayo, nao wakitaka kumpata mwenye mtu hawakuuliza nani ni ndugu. Walitoka nje wakauliza nani amepika.

Nilimweleza Reuben nilichokiona. Alisikiliza, kisha akaangalia karatasi yangu. "Jibu linalokuja sana ni lipi?" aliniuliza. Nikamwambia ni ndugu. "Basi ndugu akae wa kwanza, na utepe ulale juu yake. Salome asisumbuke na mishale, abonyeze Enta tu." Nilimwambia kwamba wanaosema ndugu ndio wasemaji, lakini wenye wagonjwa wako nyasini. Alikuna kichwa. Nakumbuka kwamba alisita kwa kweli. Tulilipeleka jambo hilo kwa Sista Perpetua aliyesimamia hospitali, katika ofisi yake iliyokuwa na harufu ya nta ya sakafuni na maandazi. Reuben alimuuliza kama ingefaa orodha ifunguke bila jibu lolote kuguswa, mpaka karani achague mwenyewe. Salome, aliyekuwa ameitwa, ndiye aliyejibu. "Sista, hapana. Nikianza kuuliza nani mke nani si mke, hapo dirishani watapigana. Mimi nimeona mambo. Mtu amesimama, amesema jina, imetosha." Sista alimtazama Salome, akatutazama sisi, akatazama foleni kupitia dirishani. "Wagonjwa wangoje kidogo kadiri inavyowezekana," alisema. "Iacheni hivyo." Ikaachwa hivyo. Hata leo nikiyapanga maneno ya kikao kile siwezi kumwonyesha aliyekuwa na nia mbaya.

Wakati huo nilikuwa nimepanga chumba Lurambi, katika boma la fundi seremala tuliyemwita Baba Nafula na mkewe Rasoa. Nyumba ilikuwa ya udongo na mabati, yenye chumba changu ubavuni na jiko la nje lililokuwa na benchi alilolitengeneza mwenyewe, refu kuliko jiko, likatokeza mlangoni. Hapo ndipo tulipoishi hasa. Rasoa alipika mboga ya mrenda akaitia magadi na maziwa, na obusuma, yaani ugali, mgumu wa mtama uliochanganywa na mahindi, na hakukubali nile chumbani peke yangu. "Mpangaji anakulanga kwake, mtoto wangu anakulanga kwangu," alisema, na mjadala ukaisha, ingawa alinizidi miaka michache tu. Familia ilikuwa na vikombe vyao vya plastiki, vyekundu, vilivyomomonyoka midomo. Vikombe vya udongo vyenye maua vilikaa kabatini kwa ajili ya wageni. Mwezi wa kwanza nilinywea vya maua. Siku moja Nafula, aliyekuwa ndiyo kwanza ameacha kubebwa mgongoni, aliniletea chai katika plastiki nyekundu, na mama yake akamwacha. Nilifurahi kuliko nilivyotazamia.

Rasoa na Baba Nafula hawakuwa wamefunga ndoa kanisani. Walikuwa wamekaa pamoja, wakajenga, wakazaa, na kila jirani alimwita mke wa fundi. Hapakuwa na kipande cha karatasi popote kilichosema hivyo. Nafahamu hilo kwa sababu nilisikia likizungumzwa. Jotham, ndugu mkubwa wa Baba Nafula, alikuwa akija kutoka Lugari, ambako baba yao alipata ardhi katika shamba la mzungu lililogawanywa, na Jumapili moja baada ya kanisa walikaa kwenye lile benchi, nami nilikuwa chumbani nikipiga pasi. Baba Nafula alikuwa ameshaanza kukohoa. "Mwanaume anazikwanga kwa baba yake," Jotham alisema. "Hii ploti ya Lurambi ni ya kutafutia tu." Nilisikia sufuria ikiwekwa chini kwa nguvu. "Shemeji," Rasoa akasema, "mtu hajaugua hata vizuri, wewe unamchimbia?" Jotham alicheka. "Si mimi. Ni desturi." Baba Nafula naye akasema, polepole, akikatwa na kikohozi, "Mimi nimejenga hapa. Nitalala hapa." Halafu wakaongea habari za mahindi. Nilielewa kilichokuwa kikizungumzwa. Huku kwetu kaburi ndilo hati. Mwanamume akilala katika ua wa nyumba aliyoijenga, aliyebaki ndani ni mjane wake na hakuna wa kumtoa. Akipelekwa kwingine, nyumba inakuwa mabati na udongo tu, na mwanamke aliyemo anakuwa mtu aliyekuwa akikaa pale.

Kikohozi kilimlaza mwezi wa nane. Mimi nilikuwa kazini siku hiyo. Nilipofika nyumbani jioni Rasoa alikuwa jikoni akikoroga uji wa kupeleka asubuhi, na karatasi ya hospitali ilikuwa juu ya benchi, imeshikiliwa na jiwe isipeperushwe. Niliitambua kabla ya kuisoma. Ule mpangilio wa mistari nilikuwa nimeupima kwa rula mimi mwenyewe. Jina la mgonjwa. Wodi. Mwenye mgonjwa: Jotham. Uhusiano: Ndugu. "Wewe ulikuwa wapi wakati wanaandika?" nilimuuliza. "Nje na wamama," alisema. "Shemeji ndiye aliongea. Kwani kuna kitu?" Nilimwambia kwamba anayetajwa pale ndiye hospitali inayemjua. Akafikiri, akakoroga. "Mimi ndiye nampelekea uji kila siku. Hospitali hainioni?"

Asubuhi nilikwenda kwa Salome. Hakukumbuka mgonjwa, lakini alikumbuka koti la Jotham. "Alisimama, akasema jina, nikabonyeza."

"Ulimuuliza ni nani wa mgonjwa?"

"Nimuulize nini, Everline, na jibu tayari liko?"

Hakusema kwa ubaya. Alinionyesha kwenye kioo, ili nione kwamba hakukosea: kisanduku kilifunguka, utepe umelala juu ya Ndugu kama paka juu ya gunia lake, na yeye akaugonga Enta. Nilimwomba abadilishe. Hakukuwa na njia. Programu ilijua kwenda mbele tu. Jibu likishaingia, orodha haikufunguka tena. Nilikwenda kwa Reuben, naye akaketi kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akaliweka bakuli la nyoyo mbali. Alisema atakwenda na disketi Ijumaa, atengeneze mlango wa kurudi nyuma. Alhamisi radi ilipiga upande wa hospitali, ikaunguza kitu ndani ya mashine, na fundi wa kukirekebisha alipaswa kutoka Kisumu. Baba Nafula alifariki kabla ya fundi kufika.

Nilikuwepo katika ua wa hospitali siku mwili ulipotolewa. Rasoa alikuja na kikapu. Alikuwa ameshaambiwa, lakini alikuwa ameshapika uji, na nadhani hakujua mikono yake ifanye nini kingine. Jotham alikuja na pikapu na wazee kutoka Lugari, wanaume wapole waliovua kofia, wakatusalimu mmoja mmoja, "Mulembe, mulembe." Rasoa alimwambia Sista kwamba mume wake anazikwa Lurambi, kama marehemu alivyosema mwenyewe. Jotham hakupaza sauti. Alitoa karatasi mfukoni, akaikunjua. "Sista, mimi sitaki kugombana na mtu. Hospitali yenu imeandika. Mwenye mgonjwa ni mimi." Kisha akamgeukia Rasoa. "Wewe umeandikwa wapi?"

Reuben alikuwa amefika na disketi yake katika mfuko wa shati. Alisogea mbele, akasema, na sauti yake ilikuwa ya darasani, "Wazee, hilo neno hakulisema mtu yeyote. Ndugu hakuulizwa wala hakujibu. Niliweka mimi jibu pale kabla ya swali. Karani alibonyeza tu." Mzee mmoja wa Lugari alimgeukia. "Kijana," alisema, "kwani marehemu si ndugu yake?" Reuben akasema ni ndugu yake, ndiyo. "Basi mashine imedanganya wapi?" Na kweli, mashine haikuwa imedanganya. Wapo waliocheka kidogo, si kwa dharau, bali kama watu wanavyocheka jambo likishakwisha. Sista Perpetua alikuwa amemshika Rasoa bega. "Mimi siwezi kuamua ndoa ya watu hapa uani," alisema, na macho yake yalikuwa mekundu. "Nina hii karatasi tu." Mwili ukapakiwa. Rasoa akapanda nyuma ya pikapu na kikapu chake, na hakuna aliyemkataza.

Nilikwenda Lugari kwa mazishi, pamoja na Reuben na majirani. Mahindi yalikuwa yamekauka shambani, na katikati palikuwa na nyumba ya mawe ya mzungu aliyeondoka, bafu lake limegeuzwa ghala. Walitupokea vizuri mno. Tulikaa kwenye viti, tukaletewa chai. Rasoa alikuwa ameketi kwenye mkeka pamoja na wanawake wa ukoo, ndani ya nyumba, mahali pa mjane, na kwa muda nilidhani kwamba labda tumemdhania Jotham vibaya. Kisha msichana akapita na sinia. Wanawake wa ukoo walipewa vikombe vya bati. Rasoa alipewa kikombe cha udongo, chenye maua. Alikishika kwa mikono miwili na hakunywa. Hakulia pia, yeye aliyekuwa amelia njia yote, alikitazama tu. Kisha akainuka taratibu, akatoka, akaja kuketi nasi kwenye viti vya wageni.

Ploti ya Lurambi ilikwenda kwa ukoo kabla ya Krismasi. Wanaume walikuja mchana kweupe kung'oa mabati, wakamsaidia Rasoa kutoa vyombo kwa adabu, wakimwita mama. Benchi lilikuwa refu mno, halikubebeka, likabaki jikoni. Reuben ndiye aliyempeleka yeye na Nafula Mayoni, kwa mama yake Reuben aliyekuwa akiishi peke yake, akasema wakae mpaka wapate mahali. Mimi nilihamia chumba kingine mjini, ambako nilikula peke yangu.

Mashine ya hospitali ilipopona, Reuben aliijenga orodha upya. Juu ya Ndugu aliweka mstari mtupu, na utepe ukafunguka ukiwa umelala hapo, juu ya pasipo na kitu. Ukibonyeza Enta, kompyuta ililia na kubaki ilipo. Ilikubali tu mtu akishausogeza utepe kwa mkono wake mwenyewe mpaka kwenye jibu. Aliweka pia mlango wa kurudi nyuma, na nafasi ya mwenye mgonjwa zaidi ya mmoja. Salome aliichukia. "Inalia kama kuku anayetaga," alisema, na foleni ikarefuka mpaka kwenye ua, na dirishani watu walianza kugombana kama alivyotabiri: wake wawili, mama na mke, shemeji na shemeji. Sista alimwomba Reuben mara mbili aurudishe utepe kwenye jibu la kwanza. Alikataa mara mbili. Mwanzoni mwa mwaka mpya hospitali ilirudi kwenye daftari lake la zamani, habari zikaenea kwamba kompyuta za Reuben ni za kuchelewesha watu, na ofisi juu ya duka la mbegu ikafungwa. Alirudi kufundisha. Nilipata kazi gazetini, na mhariri wangu wa kwanza alilalamika kwamba ninachelewa kwa sababu nauliza watu maswali ambayo majibu yake yanajulikana.

Nilimtazama Rasoa siku ya mazishi ya Reuben kutoka kwenye kiti changu. Hakuwahi kupata mahali pengine. Mama yake Reuben alimzeekea mikononi, na Reuben mwenyewe, aliyefiwa na mke mapema, aliporudi nyumbani akiwa mgonjwa, ni Rasoa aliyempikia uji mpaka mwisho. Sasa alikuwa nyasini karibu na jiko, mgongo umepinda kwa kazi, akiwaelekeza wapishi wapi pa kutoa kuni.

Mpwa alirudi. "Nimekuandika Kazini, mama. Ni sawa?"

"Ni sawa. Lakini kuna mtu umemruka." Nikamwonyesha.

"Kukhu Rasoa?" alisema, kwa neno letu la bibi. "Huyo ni wa hapa hapa, mama. Si wa kuandikisha."

"Ni nani wa marehemu?"

Akaishusha orodha kwenye simu, akaipitia juu hadi chini, kisha juu tena. "Haiko," alisema.

"Nenda umuulize."

Alikwenda. Ngoma za isukuti zilikuwa zimeanza kulia upande wa lango, kwa hiyo sikusikia kilichosemwa. Nilimwona akichuchumaa mbele ya Rasoa, na Rasoa akifuta mikono kwa leso, akifikiri, bila haraka. Kando yake kwenye nyasi kulikuwa na chai yake, katika kikombe cha plastiki kilichomomonyoka mdomo. Matone ya kwanza yalianguka kwenye turubai. Kidole cha yule mwanamke kilikuwa bado juu ya simu, hakijashuka.